Deni la Wanaobaki: Filamu ya Watawa wa Tibhirine Ilipotazamwa Mollo

Si desturi ya kurasa hizi kuhakiki filamu. Tumezoea kuhakiki vitabu, hasa vile vinavyohusu ufafanuzi wa Maandiko, historia ya Kanisa na maadili, na msomaji aliyefungua ukurasa huu akitarajia kitabu kipya tunamwomba radhi. Hata hivyo tunaona ipo sababu ya kutosha. Filamu ambayo zamani ingeonyeshwa katika majumba ya sinema ya Ulaya na kusahauliwa, sasa hukaa katika diski ndogo au katika simu ya mwanafunzi, nayo hufika mahali ambapo jumba la sinema halijapata kujengwa. Mchungaji akitaka asitake, washarika wake wanatazama. Afadhali basi naye atazame pamoja nao, asikilize wanasema nini.

Filamu tunayoizungumzia inaitwa kwa Kifaransa Des hommes et des dieux, yaani Ya Wanadamu na Miungu. Iliongozwa na Xavier Beauvois, ikatolewa mwaka 2010, na mwaka huohuo ikapewa Tuzo Kuu ya baraza la waamuzi katika tamasha la Cannes. Mwaka uliofuata Wafaransa wenyewe waliipa tuzo ya César ya filamu bora. Inasimulia habari za kweli za watawa wa shirika la Trapisti waliokaa Tibhirine, karibu na mji wa Médéa katika milima ya Atlas nchini Algeria, katika miaka ile ya 1990 ambapo wananchi wa nchi hiyo walikuwa wakichinjana. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 1996 watawa saba walitekwa. Tarehe 30 Mei vichwa vyao vilipatikana; miili haikupatikana. Tangazo lililotolewa kwa jina la kundi la GIA lilidai kwamba kundi hilo ndilo lililowaua, lakini mwaka 2009 jenerali mmoja mstaafu wa Ufaransa alieleza mbele ya hakimu habari alizosikia, kwamba huenda ni jeshi la Algeria lililowapiga kwa makosa kutoka angani. Filamu haitaki kuamua jambo hilo, na tunaisifu kwa kutokutaka. Inaishia katika theluji, watawa na watekaji wao wakipanda mlima hata ukungu unawameza.

Mwanzoni kabisa, kabla ya picha yoyote, mtazamaji huwekewa mbele maneno ya Zaburi ya 82, pale Mungu anapowaambia wale walioitwa miungu kwamba watakufa kama wanadamu wengine. Ndipo jina la filamu linapotoka. Wanafunzi wetu wa Agano la Kale watakumbuka kwamba zaburi hiyo si zaburi ya faraja. Ni zaburi ya hukumu, tena hukumu juu ya wale ambao hawakumtendea haki mnyonge na yatima. Tunaomba msomaji alishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Tuliitazama Mollo, katika uwanda wa juu wa Ufipa, mwezi Juni, baridi ikiwa kali, katika sebule ya mzee mmoja wa kanisa aliyetuazima ukuta wake na shuka nyeupe. Tulikuwa tumekwenda huko na wanafunzi wachache kwa mazoezi ya huduma. Watu walifika kama thelathini, wamejifunika mablanketi na makoti, na zaidi ya nusu yao walikuwa jirani zetu Wakatoliki, kama ilivyo kawaida ya kila mkutano Ufipa, ambako sisi Walutheri ni wageni wa juzi. Diski yetu ilikuwa na mazungumzo ya Kifaransa na Kiarabu, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Kwa hiyo ilitubidi tufanye kazi ile inayofanywa katika mabanda ya video nchini kote: kusimama kando ya picha na kueleza kwa Kiswahili nani kasema nini. Watafsiri wa mabandani huifanya kazi hiyo kwa ufundi, huongeza chumvi, huwapa wahusika majina ya mtaani, na watu huwapenda kuliko hao wahusika. Sisi tuliifanya kama mhadhiri, yaani vibaya. Tulieleza mno. Filamu hii ina ukimya mwingi, na kila ukimya tuliujaza kwa maelezo ya theolojia, mpaka bibi mmoja aliyeketi mbele akatuambia kwa upole, "Baba Mchungaji, hebu nyamaza kidogo, tuwaone." Tukanyamaza. Tangu hapo tulitafsiri yaliyosemwa tu, na tunakiri kwamba tuliielewa filamu vizuri zaidi.

Yaliyowagusa watu wa Mollo siyo yale tuliyotazamia. Theluji iliwashangaza, kwamba barani Afrika ipo theluji na si ya Kilimanjaro. Mtawa alipolima, walimkosoa jinsi alivyoshika jembe. Watawa walipouza asali sokoni, wanaume wawili walibishana juu ya bei. Lakini kelele zote zilikoma kila mara tulipoingia katika zahanati ya Bruda Luc. Bruda Luc ni tabibu mzee, mwenye pumu, anayechezwa na Michael Lonsdale, mwigizaji aliyefariki mwaka 2020 na ambaye katika filamu hii haonekani kuigiza hata kidogo. Wanawake wanapanga foleni mlangoni pake na watoto wao. Mmoja hana viatu, naye anamtafutia viatu. Msichana anamwuliza habari za mapenzi, naye anamjibu kama babu anavyomjibu mjukuu. Kila mtu pale Mollo aliifahamu foleni hiyo, maana amepata kusimama ndani yake.

Filamu ilipokwisha, na sisi tukiwa tumejiandaa kuongoza mazungumzo juu ya kufia dini, yule bibi aliuliza swali la kwanza: "Wale wagonjwa wa yule babu, kesho yake walitibiwa na nani?" Tulijibu kwamba filamu haisemi. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi haijaisha."

Tungependa kueleza kwa nini tunaona kwamba bibi huyo ametoa uhakiki ulio mfupi na ulio sahihi kuliko mwingi tuliopata kuusoma kuhusu filamu hii.

Swali linaloibeba filamu yote ni moja: wabaki au waondoke? Vibarua wa Kikroatia wamechinjwa jirani. Serikali inawataka waondoke au walindwe na jeshi. Kiongozi wao, Christian de Chergé, anayechezwa na Lambert Wilson, anakataa ulinzi wa jeshi pasipo kuwauliza ndugu zake, nao wanamkemea mkutanoni. Mmoja anasema wazi kwamba hakuja Algeria ili ajiue kwa pamoja na wengine. Mikutano hii ya watawa ndiyo sehemu tunayowasihi wanafunzi waitazame mara mbili. Hapa hakuna shujaa. Kuna wanaume wazee wenye hofu, wengine wanataka kwenda, wengine hawajui, na mamlaka ya kiongozi hayatoshi kuwafunga. Mtawa kijana kiasi, Christophe, hulia usiku kwa sauti akimwomba Mungu asimwache, na wenzake wanamsikia kupitia ukutani. Tumesoma maelezo mengi ya vitabuni juu ya usiku wa giza wa imani, lakini hatujapata kuusikia ukipenya ukutani namna hii.

Wakati fulani watawa wanawaambia wanakijiji kwamba wao ni kama ndege juu ya tawi, hawajui kama wataruka. Mwanamke mmoja wa kijiji anawarekebisha: ndege ni sisi, tawi ni ninyi. Kwa maneno hayo mwanamke yule amegeuza swali lote. Watawa walikuwa wakijiuliza juu ya nafsi zao, wito wao na kifo chao. Yeye amewaonyesha kwamba swali si lao peke yao.

Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Luther na mwenzake Bugenhagen walibaki. Nyumba ya Luther ikawa kama hospitali, huku Katharina akiwa mjamzito. Katika siku hizo aliwajibu Johann Hess wa Breslau na wachungaji wenzake waliomwuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia mauti. Jibu lake linawashangaza wanafunzi wetu kila mwaka, maana hawasikii mlio wa tarumbeta ndani yake. Luther hasemi kwamba kukimbia ni dhambi. Kuokoa uhai ni jambo ambalo Mungu ameliweka ndani ya mwanadamu. Anawakemea vikali wanaojitupa hatarini kana kwamba wanamjaribu Mungu. Lakini anaongeza kwamba mwenye wadhifa, mchungaji au hakimu, na vilevile mtu yeyote ambaye jirani yake anamtegemea, hana ruhusa ya kuondoka mpaka awepo mwingine wa kushika nafasi yake. Kama wahudumu ni wengi na wamepatana kwamba baadhi yao waende, waende, wala asiwepo wa kuwahukumu. Kipimo chake si ujasiri wa anayebaki. Kipimo ni yule mgonjwa kitandani: je, ana mtu?

Kwa kipimo hicho, Luther na bibi wa Mollo wanauliza swali moja.

Kwa muda mrefu filamu nayo inaliuliza. Lakini katika nusu saa ya mwisho inalisahau. Watawa wamekwisha kupiga kura, wote wanabaki. Mwenzao Bruno amewasili na barua, dawa na divai. Wanaketi mezani, Luc anafungua chupa mbili, anaweka kanda ya muziki wa Tchaikovsky, ule wa Swan Lake, na kwa dakika kadhaa hakuna neno linalosemwa. Kamera inapita usoni mwa kila mmoja. Wanatabasamu, kisha wanalia. Ni dhahiri kwamba tunaalikwa kuona Karamu ya Bwana usiku ule aliotolewa. Wahakiki wengi wa Ulaya wameisifu sehemu hii kuliko zote, na hatukatai kwamba nyuso zile ni nyuso za watu waliofika mwisho wa hofu. Mollo watu walitazama kwa heshima kubwa. Lakini mtazame nani yuko mezani. Hakuna Mwalgeria. Mwanamke wa tawi na ndege hayupo, wazee wa kijiji hawapo, wagonjwa hawapo. Mlango umefungwa. Uamuzi uliokuwa wa watu wengi umekuwa jambo zuri la watu tisa, na muziki unatusaidia tusilione pengo hilo. Tunasema bila kuficha: hapa filamu imependa uzuri wa kufa kuliko sababu ya kubaki.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi, ambalo filamu imeliacha nje kabisa. Christian de Chergé hakuipenda Algeria kwa mara ya kwanza alipokuwa mtawa. Aliijua akiwa kijana, mwaka 1959, ofisa katika jeshi la Ufaransa wakati wa vita vya uhuru. Huko alipata rafiki, mlinzi wa mashamba wa kijiji aitwaye Mohammed, Mwislamu mcha Mungu, baba wa watoto kumi. Siku moja wapiganaji walipomkabili Christian njiani, Mohammed alijiweka katikati, akawaambia kwamba huyu ni rafiki wa Waislamu. Christian alisalimika. Muda mfupi baadaye Mohammed alikutwa ameuawa kando ya kisima chake. Christian mwenyewe alieleza baadaye kwamba wito wake wa kurudi na kukaa kati ya watu hao ulianzia katika damu hiyo.

Wasomaji wetu waone jinsi jambo hilo linavyobadilisha kila kitu. Bila Mohammed, Christian ni Mzungu mwema aliyejitoa kwa ajili ya Waafrika. Tukiwa na Mohammed, Christian ni mdeni. Mwislamu alitoa uhai wake kwanza kwa ajili ya Mkristo. Miaka thelathini na saba baadaye Mkristo alilipa. Hata wosia maarufu wa Christian, ulioandikwa kati ya Desemba 1993 na Januari 1994 na unaosomwa mwishoni mwa filamu, ule ambamo anamsamehe kabla ya wakati mtu atakayemwua na kumwita rafiki, unasikika tofauti kabisa ukijua kwamba mwandishi alikwisha kupokea zawadi ya namna hiyo. Sisi Walutheri hufundisha kwamba neema hutangulia na matendo hufuata kama shukrani. Hapa palikuwa na mfano wa neema inayotangulia katika umbo la mlinzi wa mashamba, nao ukaachwa nje ya filamu. Labda muda haukutosha. Hata hivyo muda ulipatikana wa chupa mbili za divai.

Turudi Mollo. Baada ya yule bibi, aliongea katekista wa Kikatoliki, jirani wa mwenyeji wetu. Alisema, "Hawa ni jamaa za waliotuletea dini." Ilitulazimu kumsahihisha kidogo, maana Watrapisti wa Tibhirine si shirika moja na Mapadre Weupe. Lakini kwa njia ya historia alikuwa amesema kweli. Shirika la Mapadre Weupe lilianzishwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, katika nchi ileile ya Tibhirine. Mwaka 1885 mapadre hao walikabidhiwa ngome ya Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, iliyokuwa imejengwa na Wabelgiji, na kutoka pwani hiyo Ukristo ukapanda Ufipa. Katika miaka ileile inayosimuliwa na filamu, tarehe 27 Desemba 1994, Mapadre Weupe wanne waliuawa Tizi Ouzou, na tarehe 8 Desemba 2018 walitangazwa wenye heri mjini Oran siku moja na watawa wa Tibhirine. Kwa hiyo barabara kati ya Algeria na Ufipa ni ya zamani, na bado ina watu wanaoikumbuka.

Katekista akaendelea, akataja jina la Adrian Atiman. Wenyeji wote waliitikia kwa vichwa. Baadhi ya wanafunzi wetu walitazamana. Inafaa basi tueleze. Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto aliibwa, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa hadi Algeria, ambako Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha. Walimpeleka Malta akasomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa tabibu na katekista, akaoa huko, akapata mtoto wa kiume aliyekuja kuwa padre, akawatibu watu wa ziwa na wa uwanda wa juu mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka sitini na saba. Hospitali ya Kikatoliki ya Sumbawanga inaitwa kwa jina lake.

Bruda Luc alikaa Tibhirine miaka hamsini, nasi hatuna nia ya kushindanisha watumishi wa Mungu. Lakini katika sebule ile ilitudhihirikia jambo ambalo hatukuwa tumelifikiri. Luc alikuwa na nyumbani pa kurudi. Filamu yote inasimama juu ya uwezekano huo. Mlango uko wazi, ndege ya kwenda Ufaransa ipo, na kwa sababu hiyo kubaki kwake ni tendo. Atiman hakuwa na mlango wa namna hiyo. Kwao aliibwa. Wala wanakijiji wa Tibhirine hawakuwa nao, wala Waalgeria makumi ya maelfu waliouawa katika miaka ile, wakiwamo maimamu waliokataa kubariki mauaji. Hawa wote walibaki, wala hakuna aliyewapigia kura. Je, kubaki kwa asiye na pa kwenda si kubaki? Filamu za Ulaya kuhusu Afrika, hata zilizo bora kama hii, huwa zinajua kutengeneza habari ya mtu anayeweza kuondoka. Habari ya Atiman hazijui pa kuishika. Hatusemi hivyo kwa chuki. Tunasema kwa sababu hata mahubiri yetu yana ugonjwa huohuo. Katika ibada za kuwakumbuka waliotangulia, ni mara ngapi tumemsifu mmisionari aliyeacha nchi yake, na tukampita mwinjilisti mwenyeji aliyembebea mzigo, kana kwamba yeye alikuwa sehemu ya njia?

Hapa hatuna budi kusema habari zetu wenyewe, ingawa si desturi katika uhakiki.

Wachungaji wa Kanisa letu wanafahamu jinsi jina la Rukwa linavyopokelewa siku ya kupangiwa vituo. Mwenzako hukushika mkono na kukupa pole. Katika miaka yetu ya kwanza ya uchungaji tulipangiwa katika uwanda huo, na kabla ya mwaka wa pili kwisha tulikuwa tumeandika barua ya kuomba uhamisho. Tulitaja sababu tatu: baridi, umbali na masomo zaidi. Zote zilikuwa za kweli. Barua ikiwa bado mezani, mtoto wetu alishikwa na homa kali usiku. Gari halikuwapo. Jirani mmoja, Mkatoliki, mkulima wa maharage, ambaye hatukuwahi kumfanyia lolote la maana, aliamka, akampakia mama na mtoto juu ya baiskeli yake, akaisukuma kwenye milima na kuiendesha kwenye tambarare mpaka mjini katika baridi ile ya alfajiri, nasi tukimfuata kwa miguu. Mtoto alitibiwa katika hospitali hiyo yenye jina la Atiman. Tulilisoma jina kwenye kibao, hatukuuliza ni nani.

Juma lililofuata tuliipeleka barua. Tulihamishwa. Mtaa wetu ulikaa miezi kumi na moja bila mchungaji.

Tuliporudi tukiwa na diski mkononi na wanafunzi nyuma yetu, yule jirani alikuwa amekwisha kufariki. Luther anasema asiwepo wa kumhukumu anayeondoka iwapo mwingine ameshika nafasi yake. Tumeyafundisha maneno hayo darasani kwa miaka mingi, tukilitilia mkazo lile fungu la kwanza. Usiku ule Mollo, bibi alipouliza wagonjwa walitibiwa na nani kesho yake, tulilisikia fungu la pili. Tukakumbuka pia habari ya mtu wa mshahara katika Yohana 10, ambaye huwa tunaihubiri kana kwamba inawahusu watu wa madhehebu mengine.

Hatuna nia ya kuwaambia wanafunzi kwamba kila aombaye uhamisho ametenda dhambi. Wako wachungaji ambao watoto wao wanaumwa, wako waliochoka hata hawafai tena, na Kanisa lina wajibu wa kuwasikiliza kabla hawajavunjika. Hata watawa wa Tibhirine hawakuulizana kwa hukumu. Tunachosema ni kwamba katika barua yetu tuliorodhesha kila kitu isipokuwa deni. Hatukuandika mahali popote jina la mtu mwenye baiskeli.

Sasa tumjibu bibi, maana majibu yapo ingawa filamu haikuyatia. Watawa wawili walinusurika usiku ule. Filamu inamwonyesha Amédée akijificha chini ya kitanda. Mwingine ni Jean-Pierre Schumacher. Wote wawili walikwenda Morocco kuendelea na maisha ya utawa, na Jean-Pierre aliishi huko Midelt mpaka Novemba 2021, miaka ishirini na mitano baada ya ndugu zake. Tunatamani mtu angetengeneza filamu juu ya miaka hiyo ishirini na mitano, ambayo haikuwa na theluji wala Tchaikovsky. Huko Tibhirine kwenyewe bustani haikufa. Kuanzia mwaka 2001 padre mmoja Mfaransa mwenye ujuzi wa kilimo aliitunza pamoja na wafanyakazi wa kijijini, wakalima na kuuza matunda, na mwaka 2016 jumuiya ya Chemin Neuf ilipokea kazi hiyo. Tulipomweleza bibi hayo siku ya pili, aliuliza kama wafanyakazi hao wa kijiji ndio walewale wa wakati wa watawa. Tulimwambia ndiyo, walikuwapo tangu zamani. Akasema, "Basi hao ndio walioshika."

Kwa wale watakaotaka kuitumia diski hii vyuoni au mitaani, tunashauri mambo machache ya utendaji. Filamu ina urefu wa saa mbili, nayo huenda polepole. Isianzishwe baada ya saa mbili usiku mahali penye watoto. Picha ya vibarua wanaochinjwa ni kali, na mwenye kuonyesha aifahamu kabla. Mtafsiri awe mmoja, atafsiri maneno tu, ukimya auache. Mkutano wa watawa unaofuata kukataliwa kwa jeshi usimamishwe na kujadiliwa hapohapo, kabla mtu hajajua mwisho. Habari ya Mohammed isimuliwe kabla ya picha kuanza, kwa sababu bila hiyo wosia wa mwisho huelea hewani. Tena tungependa chuo kiwaonyeshe wanafunzi wa mwaka wa mwisho filamu hii kabla ya siku ya kupangiwa vituo, si baada yake.

Diski yetu tumeiacha Mollo. Katekista aliiomba ili aionyeshe kigangoni kwake, akaahidi kwamba usiku huo ataanza na Atiman.